Peni moja kila mwaka

Mwaka wa nne huu naendesha basi Oxford, mji wa chuo kikuu kikongwe huko Uingereza, na kila siku taa nyekundu hunisimamisha Carfax, njia panda ya katikati ya mji. Kwenye kona pale pana kibao ukutani: hapa palikuwa na kilabu cha mvinyo, Swindlestock. Abiria mmoja mzee ndiye aliyenidokeza kisa chake, mengine nikayafuata maktaba.

Tarehe 10 Februari 1355, wanafunzi wawili, Walter Spryngeheuse na Roger de Chesterfield, waliagiza mvinyo wakasema mbovu. Mwenye kilabu, John de Croydon, akawajibu jeuri. Wakammwagia mvinyo, na chombo chake kikamfuata kichwani. Ulevi tu. Kwetu Tanga ungekwisha kwa kukunjana mashati.

Ila mji ule ulishachacha siku nyingi. Wanafunzi walihesabiwa watu wa Kanisa, mahakama ya mji haiwagusi, na wenyeji walichoka kudharauliwa. Basi kengele ya kanisa la St Martin ikaita wenyeji, ya kanisa la St Mary ikaita wanafunzi. Siku ya pili watu wa vijijini wakamiminika na bendera nyeusi. Hesabu inayosimuliwa ni wanafunzi 63 na wenyeji kama 30 waliouawa. Mnara wa St Martin bado upo. Ndio wenye saa ninayoitazama nikichelewa.

Mfalme Edward wa Tatu alipoamua, alikipa chuo kila kitu: usimamizi wa mizani ya sokoni, wa mkate, wa pombe. Juu yake, askofu wa Lincoln akaamuru kila mwaka siku ileile, meya na wakubwa wa mji waende St Mary kwenye misa ya marehemu, kila mmoja na sarafu yake ya peni. Walikwenda hivyo hadi 1825, meya mmoja alipogoma. Zaidi ya miaka 460!

Marehemu baba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, Ngamiani. Wagomvi aliwaketisha mkeka mmoja barazani, goti kwa goti. Mwenye kosa alilipa kahawa na kashata za wote waliokuwepo, na baba hakugusa kikombe mpaka wale wawili wanywe kwanza. Baada ya hapo, atakayelitaja tena jambo lile, yeye ndiye mgomvi mpya.

Oxford walipatana rasmi mwaka 1955: meya akapewa shahada ya heshima, na makamu mkuu wa chuo akafanywa raia wa heshima wa mji. Baba angeuliza kahawa ya siku ile alilipa nani.