Risasi ya pili

Jumamosi iliyopita binti yangu aliifungua ile cherehani aliyonunuliwa na mama yake, akaimwagia mafuta kupita kiasi, na harufu ikanifikia sebuleni kabla sijajua anafanya nini. Mafuta mepesi ya mashine, chuma, vumbi la pamba. Zamani harufu hiyo ilikuwa ya marehemu baba tu, barazani kwake Ngamiani, Tanga, miguu yake ikikanyaga Singer nyeusi tangu asubuhi. Sasa kuna kitu kingine kinachotangulia kabla ya baba. Ni Machi 2013, uwanja wa shabaha nje kidogo ya Houston, na mimi nimesimama na bastola iliyogoma mkononi.

Miaka ile nilikuwa mlinzi wa usiku. Bastola niliinunua Juni 2012, ya mkono wa pili, kwa sababu ndiyo niliyoimudu. Ilikuwa ya umbo la 1911, lile alilobuni John Browning na jeshi la Marekani likalipokea mwaka 1911. Viwanda vingi vimelitengeneza umbo hilo, na cha kwangu sitakitaja. Siku niliyoinunua nilipiga risasi 100 za kawaida, zile za kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba chote. Haikusita hata mara moja. Nikaridhika.

Lakini kazini hatukubeba za kawaida. Kampuni ilitaka walinzi wake wabebe holopointi, risasi ambayo kichwa chake kimetobolewa tundu puani. Kikiingia mwilini tundu linajaa, kichwa kinachanua, kinapoteza kasi na kusimama humohumo. Ni jambo zito kuliandika, na miaka ile nililitamka kama mtu anayetaja aina ya misumari. Sababu yake hata hivyo niliielewa. Lindo langu lilikuwa maegesho ya magari ya maduka, na nyuma ya mtu yeyote palikuwa na mtu mwingine, mama anapakia vyakula, mtoto amekaa kwenye toroli. Risasi ya kawaida hupita na kuendelea na safari.

Nilinunua boksi moja la risasi 20. Nane zikaingia kwenye bastola, yaani saba za magazini, kasha la risasi linaloingia kwenye mpini, na moja ya chemba, tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa, saba nyingine kwenye magazini ya akiba, tano zikabaki boksini. Sikupiga hata moja. Zilikuwa ghali, nami nilikuwa natuma hela nyumbani kila mwisho wa mwezi. Kisha ikaja Desemba, yakatokea mauaji ya watoto shuleni Sandy Hook, mazungumzo ya sheria mpya za silaha yakapamba moto, na watu wakakimbilia madukani kununua wasije wakazuiwa kesho. Rafu zikabaki tupu. Ukibahatika unauziwa boksi moja, na la aina utakayoikuta. Basi zile 20 zangu nikazitunza kama akiba ya mchele wakati wa njaa.

Na bastola ilikuwa imeshaniambia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kila alfajiri nikirudi niliitoa risasi chemba na kuifungia bastola kwenye sanduku la chuma, kwa kuwa binti alikuwa na miaka minne na mikono isiyotulia. Jioni nikiikoki tena, mara nyingine ile risasi ya juu ilikwama njiani na slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, ikasimama nusu. Mwanzoni niliisukuma kwa kiganja. Baadaye nikagundua njia rahisi zaidi: kuitumbukiza risasi ya kwanza chemba kwa vidole, kisha kuiachia slaidi ijifunge juu yake. Ikawa inafunga bila tatizo. Nikaona nimemaliza shida, nikaenda lindoni.

Siku ile ya Machi tulikwenda kufanya zoezi la kulenga ili vibali vyetu visiishe. Mkufunzi alikuwa mzee, polisi mstaafu, mtu wa maneno machache. Nilipiga zoezi lote kwa risasi za kawaida, nikafaulu, nikaanza kufungasha. Akaja hadi kibandani kwangu.

"Hizo unazotembea nazo kiunoni umewahi kuzipiga?"

Nikamwambia hapana, ni ghali na hazipatikani. Nilitegemea anielewe.

"Zipige sasa. Zote."

Nikamweleza kwamba nina zamu usiku uleule na sina nyingine. Hakubishana nami. Alikwenda kwenye gari lake, akarudi na boksi lake mwenyewe, akaliweka mezani mbele yangu. "Za usiku utachukua hapa. Hizo zako zipige."

Nikairudisha bastola kama nilivyokuwa naibeba, ya kwanza chemba, saba chini yake. Nikavaa vizibo vya masikio. Nikasimama.

Ya kwanza ikalia. Nakumbuka karatasi ya shabaha ikitikisika, ganda likirukia kulia na kugonga ukuta wa ubao, mtutu ukishuka mahali pake kwenye macho yangu, kila kitu kama nilivyofundishwa. Nikavuta tena. Kifyatulio kikarudi nyuma bila uzito wowote, kama kuvuta uzi uliokatikia ndani ya kitambaa. Hakuna kishindo. Hata nyundo haikuanguka. Kwa sekunde moja niliendelea kukodolea shabaha, nikisubiri kitu ambacho nilishakifanya, mwili mzima umejikaza kupokea teke ambalo haliji. Vibanda vya jirani waliendelea kupiga, pa, pa, pa, kwa mbali kupitia vile vizibo, na kwangu kimya. Nikashusha macho. Slaidi ilikuwa imesimama katikati ya safari yake. Kwenye uwazi niliiona risasi ya pili imeinamisha kichwa, ganda lake la njano linang'aa, na lile tundu lake la puani limegota kwenye kitelemko cha chuma kinachopaswa kuipandisha chemba. Haipandi wala hairudi. Imekaa pale kama imefika ilikokuwa inakwenda.

Mikono ilijua la kufanya kabla yangu. Gonga kitako cha magazini, vuta slaidi, lenga. Ile ya pili ikarukia sakafuni, ya tatu ikainuka, ikagota palepale. Gonga, vuta, lenga. Jasho lilikuwa limeshanishuka hadi kwenye kope. Mzee alisimama pembeni bila neno, akihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Katika saba zilizokuwa kwenye magazini, mbili tu zilipanda zenyewe. Akaomba magazini ya akiba. Hadithi ileile. Halafu akaniambia nipige za kawaida, magazini mbili mfululizo, na zikatoka zote 14 kama wimbo. Bastola ileile, mikono ileile.

Akaokota ile risasi ya pili sakafuni, akaisimamisha mezani kando ya mpya ya aina hiyohiyo. Ilikuwa fupi. Kwa unene wa kucha tu, lakini jicho liliona. Kila jioni niliyoikoki ikagonga chuma, kichwa kilikuwa kinasukumwa kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikibanwa, akaniambia, shinikizo hupanda, na bastola inaweza kupasuka kiganjani mwako. Nikamweleza jinsi nilivyoacha kuikoki na kuanza kuitumbukiza kwa vidole. Akafumba macho kidogo. Kumbe hiyo nayo ni kuiua taratibu, kwa sababu ndoano inayovuta maganda imeumbwa risasi iipandie kwa chini, ikitokea kwenye magazini. Ukiilazimisha kuruka juu ya ukingo wa ganda kila siku, inalegea au inavunjika.

Kisha akamulika ndani kwa tochi ndogo, akanionyesha kile kitelemko. Browning, akasema, aliipima njia hii kwa risasi ya jeshi, kichwa cha mviringo chenye uzito wa karibu gramu 15. Mviringo huteleza. Ndiyo waliyoijaribu Machi 1911, risasi 6,000 kwenye bastola moja bila kukwama, wakiichovya majini inapopata moto. Majeshi hayakuwa na haja ya kuifikiria holopointi, kwani tangu azimio la The Hague la 1899 risasi za kuchanua zilikataliwa vitani. Holopointi ina pua iliyokatwa bapa, na mara nyingi ni fupi. Pale ambapo mviringo ungeteleza, ukingo wa tundu unagota. Bastola nyingi za siku hizi njia zao zinachongwa kwa ajili yake tangu kiwandani, na hata risasi zenyewe zimeumbwa upya, nyingine tundu limezibwa kwa plastiki laini ili ziteleze. Ya kwangu ilibaki kama babu yake. Fundi angeweza kukisugua kitelemko na kunitafutia magazini yenye midomo tofauti, lakini hata baada ya hapo, alisema, piga 200 za aina ileile utakayoibeba, kwa magazini zilezile, bila kukwama hata moja. "Ikikwama ya 199, anza upya."

Mia mbili. Boksi kumi, katika mwezi ambao hakuna aliyeweza kunipatia mawili.

Alinipa nane zake, za aina nyingine, tukazijaribu chache zikapanda, na usiku ule nikaenda kazini nazo. Bastola ile sikukaa nayo zaidi ya majuma matatu. Niliitoa kwa hasara, nikachukua ya kisasa isiyo na uzuri wowote, nikakopa hela ya risasi, na mama watoto hakuniuliza kwa nini. Kazi yenyewe niliifanya hadi 2015.

Lakini njiani kurudi mchana ule nilisimamisha gari kando ya barabara kuu kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nimekumbuka usiku mmoja wa Novemba. Saa saba, maegesho matupu, mvua nyembamba. Mwanamume anatoka nyuma ya gari na kunijia kwa haraka, mkono mmoja ndani ya koti. Nilimwambia asimame. Hakusimama. Nilimwambia tena, na mkono wangu ulishashika mpini, kidole gumba kimeshaifikia sefti, kifungio cha usalama. Alikuwa labda hatua sita alipoutoa mkono kotini, na ndani yake palikuwa na simu iliyozimika. Gari lake lilikuwa limegoma kuwaka. Alikuwa anatafuta mtu mwenye nyaya za kuamshia betri. Nilimsaidia. Akanishukuru sana, akaniita ndugu.

Kwa miezi minne nilikuwa nimejisimulia usiku ule kama usiku niliobaki salama kwa kuwa nilikuwa na silaha. Pale kando ya barabara nilielewa kwamba kama yule bwana angekuwa mwizi na wenzake wawili, ningekuwa na risasi moja na kipande cha chuma. Hilo lilinitisha. Kisha likaja la pili, na hilo ndilo lililonizuia kuwasha gari kwa nusu saa nzima. Ile ya kwanza, niliyoitumbukiza kwa vidole vyangu kila jioni, isingekwama. Kwa kunilinda bastola ile haikuwa ya kuaminika, lakini kama ningekosea kwa mtu mwenye simu mkononi, ingenitii.

Nimejaribu miaka yote hii kuyaweka mambo hayo mawili kwenye mizani, na sijaweza. Wenzangu wa kazini niliowasimulia walisikia la kwanza tu. Wakaenda kupima risasi zao, na nafurahi kwamba walikwenda, kwani mmoja alikuta magazini yake springi imekufa. La pili nilimwambia rafiki mmoja, wa Morogoro, tukiwa tunakula. Akanyamaza, akasukuma sahani, akasema, "Kaka, mimi hiyo nilikataa kuibeba kwa sababu hiyohiyo." Yeye alilinda miaka sita kwa tochi na redio. Sijui kama alikuwa sahihi. Lindo lake halikuwa kama langu, na mlinzi aliyenitangulia mimi alipigwa risasi ya paja.

Na kuna baba. Wateja walimletea jinzi, satini, vitambaa vya kanzu, na hakuna nguo aliyoigusa kabla hajakata kipande cha kitambaa kilekile na kukipitisha kwenye sindano. Cherehani inaweza kushona khanga siku nzima bila kukata uzi, ukiipa jinzi inaruka mishono. Nilikua nikiliona hilo kila siku ya Mungu. Nilikuwa naokota vile vipande chini ya mashine na kutengenezea mpira wa kuchezea. Halafu nikabeba miezi tisa risasi ambazo sijawahi kuzipitisha kwenye mashine yake, mimi mtoto wa fundi.

Jumamosi, binti aliponiita kwa sababu uzi unakatika, nilimkuta anajaribu kwa kitambaa chepesi cha mto, na pembeni kuna suruali ya jinzi anayotaka kuipunguza. Nikampa mkasi, nikamwambia akate kipande kwenye pindo la suruali yenyewe, kisha abadilishe sindano. Akakata. Akashona. Uzi ukakatika tena, tukalegeza mvuto, tukarudia.

"Baba, haya umeyajua wapi?"

Nikamsimulia habari za babu yake, baraza lile, ile Singer nyeusi na wateja wa sikukuu. Alisikiliza huku akishona, akinusa vidole vyake vilivyojaa mafuta. Ya Houston sijamwambia bado. Ana miaka 17, na mwakani anataka kuomba kazi ya usiku ili ajilipie chuo.