Somo Yangu na Mkarafuu wa Mgagadu

Kila aliyekuja hospitali kumtizama somo yangu baada ya kuanguka mkarafuuni alikuwa na suali moja: atakwenda tena kwa miguu yake? Waliuliza kwa sauti ya chini pale mlangoni kabla hata ya kumsalimu. Waliniuliza mimi, wakamuuliza mkewe, wakawauliza wauguzi. Yeye mwenyewe, amelazwa chali, mpira wa mkojo umening'inia ubavuni mwa kitanda, hakuwa akiwaza miguu. Usiku mmoja wodi ilipotulia alinishika mkono akaniambia, "Somo, miguu Mungu akipenda. Miye nataka nijue lini n'takojoa mwenyewe."

Tuliitana somo kwa kuwa jina letu ni moja, na huko Kiuyu, kaskazini mwa Pemba, tangu udogo hatukuwahi kuitana vyengine. Tulivua pamoja. Msimu wa karafuu ukifika tulikunja nyavu tukashuka kusini kupiga dago, yaani kuweka kambi ya muda, kwenye mashamba ya Mgagadu, kama wafanyavyo vijana wengi wa Micheweni, maana kwetu ardhi ni ya mawe na mikarafuu haistawi. Mwaka 2017 mikarafuu ilizaa kweli kweli. Ukishuka tu kwenye gari Mtambile ulipokewa na harufu yake, kila kiwanja kimetandikwa majamvi, na mwenye shamba aliyekosa wachumaji alikuwa tayari kuwafuata hadi msikitini.

Asiyewahi kupanda mkarafuu hujiuliza kwa nini watu wanaanguka kila msimu. Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba. Tumba likianza kutoka kwenye kijani kuelekea wekundu, basi siku zake ni chache. Likifunua ua, thamani imekwenda. Na vishada vyenyewe viko nchani mwa matawi, kwa hiyo mchumaji hawezi kukaa salama karibu na shina. Lazima asogee nje, mkono mmoja umevuta tawi, mwengine unachuma, kikapu kimefungwa kiunoni, na chini yake pengine mita kumi za hewa. Tawi la mkarafuu si kama la mwembe. Halipindi kwanza likakuonya. Linakatika.

Mwaka ule shirika la serikali lilikuwa likinunua kilo ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000, na kilo tatu hivi za karafuu mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu. Siye wachumaji tulilipwa kwa pishi, kile kipimo cha kupimia karafuu alizochuma mtu. Asiyepanda hana pishi, na asiye na pishi hana cha kupeleka nyumbani. Nayaeleza haya kwa sababu baadae watu walisema somo yangu alikuwa na tamaa. Hakuwa na tamaa. Alikuwa na watoto watatu.

Usiku mmoja mvua ya vuli ilinyesha. Asubuhi magome yalikuwa na utelezi, na mzee aliyekuwa mkubwa wa dago letu alitaka tungojee jua. Mwenye shamba alikuja akasema tumba zinafunua, kila saa ni hasara. Wakabishana kidogo, kisha watu wakaanza kupanda mmoja mmoja. Mimi nilikuwa mti wa jirani. Nilisikia tawi likikatika, na baada yake kishindo. Sikusikia ukelele. Alifikia makalio, juu ya mzizi.

Vijana walimkimbilia, mmoja akamshika makwapani, mwengine miguuni. Mzee alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Msimwinue! Mwacheni vivyo hivyo alivyo!" Wakamwachia. Mzee alikuwa ameshaona, zamani, mtu aliyeanguka huku vidole vya miguu vikicheza, akakalishwa kwenye baskeli kupelekwa barabarani, na alipofika hospitali hakuna kilichocheza tena. Tuling'oa mlango wa kibanda tulimokuwa tukiweka magunia. Watu sita tulimgeuza kwa pamoja, kichwa, kiwiliwili na miguu kwa mwendo mmoja, tukausukuma mlango chini yake, tukamlaza. Kanga mbili zilikunjwa zikawekwa huku na huku ya shingo. Tukamfunga juu ya mlango kwa kamba zile zile za kupandia. Gari iliyokuja kuchukua magunia ikamchukua yeye. Naamini, na daktari mmoja baadae aliniambia hivyo hivyo, kwamba kupona kwake kulianzia kwenye ule mlango.

Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani ilikuwa bado mpya, Wachina walikuwa wameijenga upya na ikafunguliwa mwaka 2016. Eksirei ilionesha pingili ya kwanza ya kiuno imepondeka. Daktari alichukua pini akaanza kumgusa kwa ncha yake tumboni akishuka, akimuuliza, "Hapa unahisi? Na hapa?" Mapajani alihisi kidogo. Chini ya magoti, hakuna. Nikadhani ndiyo basi. Kumbe daktari alikuwa bado, alimgeuza kwa uangalifu akamgusa sehemu za siri za nyuma, na somo yangu akasema, "Hapo nahisi." Uso wa daktari ukabadilika. Alitueleza kwamba mishipa inayoishia huko ndiyo ya chini kabisa, ikiwa bado inapeleka habari basi uti wa mgongo haukukatika wote. Akapelekwa Unguja kwa boti, na hospitali ya Mnazi Mmoja wakamfanyia upasuaji, wakamtia vyuma na skrubu kuushikilia mgongo.

Sehemu hiyo watu hupenda kuisikia, lakini kwangu kazi ilianza baada ya hapo. Mtu asiyehisi miguu hahisi pia ngozi yake ikifa. Akilala upande mmoja muda mrefu anatoka vidonda, na vidonda vya kulalia vinaua watu waliokwisha kuokoka kwenye anguko lenyewe. Muuguzi alitwambia: kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, mgeuzeni. Wauguzi walikuwa wachache na wagonjwa wengi, hivyo kazi hiyo ikawa yetu. Wenzetu wa dago walipanga zamu. Waliokuwa Pemba walichuma wakatuma nauli na pesa ya chakula, wengine tukakaa Unguja, wawili wawili, mmoja amelala chini juu ya mkeka, mwengine yuko macho. Wavuvi tumezoea kukesha. Mkewe, shemeji yangu, alikataa kabisa kuondoka mpaka tulipomwambia kwamba akianguka na yeye tutakuwa na wagonjwa wawili.

Katika kesha hizo ndipo nilipokuja kuelewa kwa nini mkojo ulimuuma kuliko miguu. Alikuwa haswali. Mtu niliyemjua hapitwi na alfajiri hata chomboni, alikuwa akisikia adhana anageuza uso ukutani. Alijiona ni najisi. Mpira umo mwilini, mfuko uko pembeni, mkojo unatoka bila ya hiyari yake. Atasimama vipi mbele ya Mola wake, na kusimama kwenyewe hawezi? Hakumwambia mkewe. Nilipoijua siri yake nilimwendea imamu wa msikiti wa karibu, naye akaja siku hiyo hiyo baada ya laasiri, akaketi kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyekuja kwa ndugu yake. Alimweleza kwamba mwenye udhuru kama ule anatawadha wakati wa kila sala ukishaingia, anaswali vile alivyo, amelala, kwa ishara, na kinachotoka baada ya hapo hakimuharibii. Somo yangu alilia. Magharibi ile nilimletea maji kwenye bakuli, nikamsaidia kutawadha. Tangu siku hiyo chakula alianza kukimaliza.

Baadae waliutoa ule mpira wa kudumu, muuguzi akamfundisha shemeji kutia mpira safi kila baada ya saa chache, kutoa mkojo na kuuondoa. Alijifunza vizuri kuliko yeyote kati yetu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimeshaanza kucheza, watu wakafurahi, simu zikapigwa hadi Kiuyu. Yeye alitabasamu kwa adabu tu.

Halafu ikafika alfajiri moja. Nilikuwa nimesinzia nikasikia ananiita kwa nguvu, "Somo! Somo! Nahisi!" Nikauliza wahisi nini. "Unataka kutoka. Lete kitu." Nikaokota chupa ya maji iliyokuwa tupu. Tulingoja sana, yeye amefumba macho, jasho linamtoka, nami nimeshika chupa huku namwomba Mungu kwa kila jina Lake ninalolijua. Ulitoka kidogo kidogo. Haikufika nusu ya chupa. Muuguzi alipokuja alitia mpira kupima kilichobaki, akasema bado kimebaki kingi, lakini kibofu kimeanza kazi. Shemeji alipoambiwa alipiga kigelegele kimoja ndani ya wodi ya wanaume, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio. Hakuna aliyemkataza. Mzee wa kitanda cha pili, aliyekatwa mguu, alisema Alhamdulillahi kabla yetu siye.

Kiuyu tuliporudi kulikuwa na mtihani mwengine. Mama yake, Mungu amlipe kheri, alishaweka ahadi na mchuaji mwenye sifa kijijini aje amnyooshe mgongo. Nilimpigia magoti. "Mama, miguu amchue apendavyo, hata kwa mafuta ya karafuu. Mgongo asiuguse, ndani mna vyuma." Alinitizama sana. "Mwanangu, weye ndiye uliyelala naye huko. Sema, nami n'takusikia." Na mchuaji naye alikuwa muungwana, alichua miguu tu, na naamini ilimsaidia.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ametuonesha vyuma viwili sambamba ambavyo mgonjwa hushika huku na huku akijifunza kwenda. Kijijini hatukuwa na vyuma. Tulichimbia nguzo uwanjani, tukafunga boriti mbili kwa kamba za chombo kwa kimo cha kiuno chake, na mafundo tulifunga wenyewe yale yasiyolegea. Kila asubuhi jua halijakali alikuwa hapo. Watoto wake walikuwa wakihesabu hatua kwa sauti. Aliwahi kuanguka mara nyingi, na yule binti yake mkubwa alijifunza kutomkimbilia. Alisimama pale pale akingoja baba ajivute mwenyewe. Choo tulikisogeza karibu na mlango wa nyumba na kukiwekea mti wa kushikia, kwani hakutaka tena kushikwa kwa jambo hilo.

Mwenye shamba alituma gunia la mchele na ujira wa pishi zilizokuwa zimeandikwa hadi siku ile. Hakuja. Mchele uliliwa na tulishukuru, ila mtu aliyekwambia upande mti uliolowa anapaswa akuone ulivyo.

Magongo aliyaacha, sasa anakwenda kwa bakora. Mguu wa kushoto unaburuta, baridi ikizidi kiuno kinamkaza, na hawezi kubeba kizito. Msimu mwengine uliokuja mzee wa dago alimfuata mwenyewe Kiuyu. Mzee alikuwa amechoka, alitaka mtu mwaminifu wa kupima pishi, kuandika, na kusimamia vijana. Somo yangu alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo walielezwa wenye mashamba kabla ya kukubaliana bei: mvua ikinyesha usiku, hapandi mtu mpaka yeye aguse shina kwa kiganja chake na aseme limekauka. Wawili walikataa wakatafuta dago jengine. Waliobaki walikubali, na vijana wananung'unika kila asubuhi ya mvua, wameketi chini ya miti na vikapu vyao, huku yeye anapita mti hadi mti na bakora yake, anagusa, anatikisa kichwa, anakwenda wa pili.