Tangi la keri

Ramadhani ile ami yangu alikuwa na keri, Suzuki Carry ya kuletea mboga soko la Mwanakwerekwe. Tangi likaanza kutoa jasho. Si matone, jasho: ukipitisha kidole kwenye mshono wa chini kinarudi kinanuka petroli. Kwetu Unguja chumvi inakifuata chuma mpaka uvunguni mwa gari.

Fundi wa kuchomea pale mtaani alitaka tumpelekee, alikoshe kwa Omo, alichome, nusu saa tu. Ami akakataa. "Tangi lililojaa naliogopa kidogo. Tupu ndilo linalonitisha, mle mna mvuke mtupu." Akatafuta jengine la mtumba, akaniambia nije baada ya alasiri nimshikie spana.

Nilikuwa na miaka 19 na kwangu kazi ilikuwa kufungua bolti. Nikashauri tutumie shimo la gereji ya jirani, tusimame wima kama watu.

"Mvuke wa petroli mzito, unateremka, unajaa shimoni. Unataka kusimama ndani ya bomu?"

Tukafanya uani. Gari imekaa juu ya stendi, matairi tumeyatilia mawe, ami akachukua spana namba 10 akavua waya wa hasi wa betri. Kisha akasimama ananusa upepo. Ng'ambo ya ua seredani ilikuwa ishawashwa, na upepo unatoka kwetu unakwenda huko.

"Bi mkubwa, niwie radhi, nakuomba uhamishe moto."

"Na futari yangu, mwanangu?"

"Nitakubebea mwenyewe."

Akaibeba kweli, makaa mekundu, muhogo ukimfuata nyuma na sufuria yake, mpaka upande wa pili wa nyumba. Mimi natazama jua tu, nimekereka.

Petroli wengi huinyonya kwa mpira mdomoni, funga au usifunge. Ami alikuwa na pampu ya mkono. Zikatoka lita 11, dumu likafungwa kifuniko, likapelekwa mbali. Tukatia jeki chini ya tangi, ubao katikati, tukaliteremsha shibiri moja tu. Ami akapenyeza mkono juu yake, akavua mipira na waya wa geji kwa kupapasa. Ukiliachia lote kwa pamoja unaikata.

Kurejesha akaniachia mimi. Mipira mipya, klipu mpya, nyanyua, kaza. Magharibi imekaribia, mikono inakwenda mbio. Ami akamimina lita 3 kwanza, si dumu zima.

Tone likaniangukia mkononi, baridi. La pili. Linatoka pale mpira mnene wa kujazia unapoingia tangini. Nikatia mkono mfukoni: klipu ilikuwemo.

Adhana ikalia. Ami hakuniambia kitu. Alifungua kwa tende, akanipa na mimi moja, nikaitafuna na harufu ya petroli vidoleni.

"Haya," akasema, "lete pampu."