Kutembea na Mimba ya Miezi Saba Mjini Moshi

Nilipofikisha wiki ya 14 ya ujauzito wangu, nilikuwa nimekwisha kupewa mashauri mawili yanayopingana na watu wawili wanaonipenda. Mama yangu mzazi, ambaye aliwahi kupoteza mimba kabla sijazaliwa, alitaka nikae nikinyoosha miguu hadi siku ya kujifungua. Mama mkwe, aliyelea watoto sita kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, huko Marangu, alishikilia kwamba ujauzito si ugonjwa na kwamba yeye alibeba majani ya ng'ombe kichwani mpaka wiki ya mwisho. Maneno yote mawili niliyapeleka kliniki.

Mkunga hakunijibu mara moja. Alipima kwanza shinikizo la damu, akaangalia wingi wa damu, akaniuliza iwapo nimewahi kutokwa na damu ukeni. Alinieleza kwamba mama mwenye mlango wa kizazi uliolegea, mwenye dalili za kifafa cha mimba, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au ambaye kondo la nyuma limeendelea kuziba njia mimba ikiwa imekua, hapaswi kuanza mazoezi kwa kufuata ushauri wa jirani. Kwa kuwa sikuwa na lolote kati ya hayo, aliniambia nitembee.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani kwa mjamzito asiye na tatizo la kiafya linalomzuia. Mimi nilizigawa kuwa nusu saa kwa siku tano, nikianza na dakika kumi tu, kwa sababu kabla ya mimba sikuwa na mazoea ya kutembea. Kipimo changu ni maneno: nikiweza kuzungumza na mume wangu tunapotembea, mwendo unafaa, nikilazimika kukata sentensi ili nivute pumzi, napunguza. Hapa Moshi kipimo hicho kina maana kubwa, kwani ukielekea upande wa mlima barabara hupanda taratibu bila wewe kutambua, na hatua zilizokuwa nyepesi ulipokuwa ukiteremka hugeuka kazi nzito wakati wa kurudi. Siku hizi naanza kwa kupanda, ili uchovu unikute nikiteremka kuelekea nyumbani.

Jua la Januari na Februari lilinifundisha kutoka alfajiri na kubeba maji, kwa kuwa joto kali la mwili si jema kwa mama wala kwa mtoto. Masika yalipoanza, hofu yangu ilihamia kwenye utelezi. Tumbo linapokua, uzito wa mwili husogea mbele, na homoni za ujauzito hulegeza viungo vya nyonga. Kuruka mtaro ambao zamani niliuvuka bila kufikiri sasa ni jambo la kuepuka kabisa. Mvua ikinyesha, nafanya mazoezi ukumbini: nachuchumaa taratibu nikiwa nimeshika kiti, kisha nabana misuli ile inayozuia mkojo na kuiachia, mara kadhaa kwa siku. Silali tena chali kwa muda mrefu, kwa sababu mimba kubwa huweza kubana mshipa unaorudisha damu kwenye moyo na kuleta kizunguzungu.

Wifi yangu alinialika tupande hadi Mandara, kituo cha wapanda Mlima Kilimanjaro, kwa matembezi ya siku moja, nami nikakataa. Kituo hicho kiko kwenye mita 2,700 hivi, ilhali sisi wa mjini tunaishi chini ya mita 1,000, na mjamzito asiyezoea miinuko hashauriwi kujichosha mahali ambapo hewa ni nyepesi kiasi hicho.

Zipo dalili ambazo nimeziandika na kuzibandika mlangoni, ili hata mume wangu azijue: kutokwa na damu au maji, uchungu unaojirudia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi kabla ya kuanza kutembea, kichwa kuuma sana, kizunguzungu, na shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Ikitokea hata moja, nitasimama papo hapo na kwenda hospitali.

Mama mkwe alikuja wiki iliyopita na mkungu wa ndizi za mtori, akauona mlango, akasoma orodha yote akiwa amesimama. Kesho yake alfajiri alivaa kitenge chake, akaniambia, "Twende, mwanangu, lakini tuzungumze njia nzima."