Mama alikuwa akiniuliza "mchungaji kasemaje?" nakosa jibu

Mi nasali KKKT, kwa Walutheri, huku Dar, ibada ya kwanza ile ya saa 1 asubuhi. Kwetu Musoma tulikuwa Wamennonite, ila nilipooa nikamfuata mke kanisani kwake (ndio, mi ndo nilimfuata, chekeni tu).

Sasa mama alivyohamia kwangu magoti yalikuwa yashaanza kumsumbua, daladala hawezi kupanda, kwa hiyo Jumapili anabaki na redio yake. Tukirudi tu, hata viatu sijavua, "enhe, mchungaji kasemaje?" Namwambia kahubiri vizuri sana mama. "Vizuri nini?" Kimya. Siku moja nikajikuta nakumbuka kabisa kwamba kwenye mnada baada ya ibada jogoo mmoja alifika elfu 45 na wazee gani wawili walikuwa wanamgombania, lakini mahubiri ya dakika 40 hamna kitu, zaidi ya kile kichekesho cha fundi cherehani. Mama akaniangalia akasema "kumbe mwanangu ulienda sokoni."

Iliniuma aisee.

Nikaanza kuandika kwenye simu. Ilidumu Jumapili mbili, maana naandika mstari mmoja meseji ya grupu la kikoba inaingia, najibu, nikiinua kichwa kwaya washasimama na mchungaji kashafika amina. Nikanunua kadaftari kadogo, kale ka kuandikia madeni dukani, na peni, simu nikaizima kabisa. Mwanzoni nilitaka kuandika kila neno, nayo haifai, unakuwa kama karani wa mahakama, mkono unakimbia kichwa hakipo. Sa hivi naandika vitu vichache tu: mstari wenyewe, kitu kimoja kilichonishtua, swali kama lipo, na kama ametuambia tufanye jambo fulani basi naliandika hilo jambo. Ukurasa haujai na wala sijali.

Ila kilichobadilisha mambo kweli ni Jumamosi usiku. Kalenda ya kanisa iko ukutani na masomo ya kila Jumapili yameandikwa, mtu anaweza kukaa nayo miaka anaangalia tarehe tu kama mimi. Nikaanza kumsomea mama somo la kesho baada ya kula, kwa sababu macho yake hayaoni maandishi madogo, na hii ilimaanisha kuacha mechi za usiku pale banda umiza, ambazo kusema ukweli ndo zilikuwa zinanisinzisha kanisani.

Siku hiyo ilikuwa Luka 5. Nasoma wavuvi wameshuka wanaosha nyavu zao, nataka kuendelea, mama akanishika mkono, "subiri kwanza." Yeye kakulia pembeni ya ziwa, babu alikuwa anavua dagaa kwa karabai usiku usio na mwezi. Akaniambia ukimkuta mvuvi anaosha nyavu ujue huyo kashafunga kazi, kachoka, anataka uji alale, na ukimrudisha majini ni lazima aje kuziosha tena upya. Kwa hiyo Petro akisema "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu" halafu bado anazishusha, jamani, hiyo siyo kauli ndogo! Nimesoma Luka 5 tangu Sunday school, huo mstari wa pili nilikuwa naupita kama kituo ambacho hakuna abiria.

Kesho yake sikusinzia hata kidogo, nilikuwa nasubiri kama mchungaji atagusa zile nyavu. Hakugusa, yeye alikaa kwenye "tweka mpaka kilindini," na alilifungua vizuri. Nikarudi nyumbani nina ya mama na ya mchungaji, tukaongea mpaka wali ukapoa.

Nilijaribu pia mahubiri ya YouTube kwenye daladala, nayaendesha kwa spidi, matano kwa wiki. Mi naona bora moja ulisikilize mara mbili, maana yale matano yote yalikuwa yanachanganyikana, simkumbuki nani kasema nini, bando ndo linaisha.

Jambo lingine mama kanifundisha ni kuhakiki. Krismasi moja nimerudi nyumbani mbio, mahubiri yalihusu mamajusi watatu, mmoja kaja na dhahabu, mmoja uvumba, mmoja manemane. "Watatu umewahesabu wewe?" Tukafungua Mathayo 2, zawadi ni tatu kweli, lakini watu idadi yao haijaandikwa popote. Sikwenda kumkatalia mhubiri, ila tangu hapo naweka alama ya kuuliza pembeni halafu nyumbani naangalia, kama wale watu wa Beroya kwenye Matendo 17 ambao walimsikia Paulo mwenyewe na bado wakayachunguza maandiko kila siku.

Msidhani nimekuwa mtakatifu lakini. Wiki iliyopita kulikuwa na msiba mtaani, tumekesha, nikaenda ibadani hivyo hivyo. Nimerudi, "enhe, kasemaje?" Nikasema mama leo nilikuwa Eutiko, yule kijana wa Matendo 20 aliyesinzia Paulo akihubiri. Akacheka mpaka akashika magoti, "sa ulianguka toka orofa ya tatu?"

Nikamwambia hapana, lililoanguka ni daftari, na mzee wa kanisa ndo kaniokotea.