Bibi kaingia Azania Front

Jumapili nilimleta bibi mjini Dar es Salaam kusali kanisa la Kilutheri la Azania Front. Maisha yake yote kasali Maneromango, kule Kisarawe, kwa Wazaramo wenzake, walikofika wamisionari wa Kijerumani mwaka 1895. Nilipomwambia kanisa hili lilijengwa kati ya 1898 na 1902, akasimama palepale mlangoni, bandari nyuma yake, akatazama juu kwenye mnara. "Kumbe kwetu injili ilitangulia ukuta huu!"

Ndani akapapasa benchi kwa kiganja, taratibu, kama anayepima kitambaa. Alikuwa msichana mdogo makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Ibada ilipoanza aliimba bila kufungua kitabu, beti zote. Mimi machozi tu.