Siku moja maishani mwangu: daktari wa meno ya watoto, Mtwara

Saa 12 asubuhi nshadaka bajaji kutoka Mikindani, saa 1 na nusu vifaa viko kwenye mashine ya kuchemshia.

Saa 2 anaingia bibi wa Nanyamba na mjukuu wa miaka mitatu. Meno manne ya mbele juu yameoza, mawili yamemeguka kabisa, ya chini mazima. Ukiona hivo ujue ni chupa ya usiku, ya chini yanafunikwa na ulimi na kusafishwa na mate, ya juu ndo yanashinda usiku kucha kwenye chai ya maziwa. Bibi ananiambia "dokta mwanangu, yang'oe tu si yataota mengine", nkamwambia bibi yangu, hayo mengine yanakuja akiwa na miaka saba nane huko, muda wote huo awe kibogoyo? Na mizizi bado imara!

Saa 3 bibi kampakata, nampiga ganzi, nakwangua uozo taratibu. Af kazi tamu: jino linapakwa asidi sekunde kama 15, linaoshwa, linakaushwa, gundi, taa ya bluu ya kuigandisha. Nachukua kikofia cha plastiki angavu chenye umbo la jino, nakitoboa katundu ka kutolea hewa, najaza kompoziti (ujazo wa rangi ya jino), navalisha, namulika, nabandua kikofia na jino limebaki jeupe. Adui ni damu ya fizi, pakilowa tu haishiki, kwahiyo jino la pili nimebinya gozi, kile kitambaa cha kukaushia damu, weee mpaka ikakata. Mtoto kapewa kioo, kakenua, hataki kukirudisha.

Nkamwambia bibi chupa ya usiku iwe maji matupu, mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floridi, apakiwe kidogo tu kwenye mswaki.

Saa 6, mtoto wa mwaka na nusu, analia sana, simlazimishi. Nampaka dawa ya fedha na floridi inayosimamisha kuoza, WHO wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2021. Doa linageuka jeusi, mama namwambia kabla sijapaka na sio baada.

Saa 8 wali samaki, fasta.

Saa 9 umeme ukakata, tukaendelea kukwangua kwa vifaa vya mkono na kuziba, njia iliyoanzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980, naipenda mno.

Saa 11 naagiza vikofia vidogo Dar, vimebaki vichache na kesho nna mapacha wa Newala.